Toa Usuli

Katika darasa la kompyuta la jioni mshonaji aliitwa Kitufe, kwa sababu kila mara mwalimu alipotoa maelekezo yeye aliinua mkono kuuliza abonyeze kitufe kipi. Hakuudhika. Wengi wa wanafunzi wenzake wangeweza kuwa wanawe, na mume wake alikwisha kumwambia kwamba anayeanza shule na miwani usoni asitarajie kuitwa profesa.

Kabla ya kuwasha kompyuta alifumba macho akaomba. Dereva wa lori aliyekaa karibu naye alimuuliza siku moja kama anaiombea mashine au anajiombea mwenyewe. Akajibu kwamba mashine haina dhambi. Tangu hapo dereva naye alikuwa akivua kofia kila alipomwona ameinamisha kichwa, na akishamaliza anaivaa tena.

Mwalimu pia alikuwa na jina la kubandikwa, ingawa hakulijua. Walimwita Mkato. Alipenda njia za mkato kwenye kibodi, na maneno mafupi aliyapenda zaidi. Pale mwalimu mwingine angeandika sentensi nzima pembeni ya kazi ya mwanafunzi, yeye aliandika neno moja. Siku akiwa mkarimu, mawili.

Mwisho wa kozi kila mwanafunzi alitakiwa kutengeneza slaidi kuhusu kazi yake na kuzieleza mbele ya wageni. Dereva angeeleza matairi. Kitufe angeeleza karakana yake ya kushona sare za shule. Waliruhusiwa kualika ndugu, na wengine wakaalika nusu ya ukoo. Kitufe alimtaka mtu mmoja tu, wifi yake, dada mkubwa wa mume wake. Huyo hakuwa amekanyaga nyumbani kwao tangu kibao kilipotundikwa mlangoni.

Siku mchora vibao alipokuja, Kitufe alikuwa amekwenda kununua vitambaa. Mume wake ndiye aliyeulizwa nani mwanzilishi wa karakana. Akasema mke wangu. Hakuwa na nia mbaya. Aliulizwa akiwa juu ya ngazi ameshikilia ubao kwa mikono miwili, akatamka jina lililokuwa karibu na mdomo. Lakini karakana ile ilianzia kwenye kibaraza cha dada yake, kwa cherehani ya dada yake, na aliyemfundisha Kitufe kutia uzi kwenye sindano ni dada yake huyo huyo. Wifi alifika jioni, akasimama mbele ya kibao, akakisoma mpaka mwisho, akaaga bila kuingia ndani.

Walimwomba radhi. Mume alimfuata na kopo la rangi, akiahidi kuongeza jina lake chini ya lile la kwanza. Wifi akamwambia arudi na rangi yake. Jina la kuongezwa ni kiraka, alisema, na kiraka hata kikishonwa na malaika watu wanajua palikuwa na tundu.

Baada ya hapo alimsalimia Kitufe kwa adabu tupu, habari za kazi, kama mtu anavyomsalimia karani wa posta. Kwa mawifi waliozoea kutaniana tangu asubuhi, adabu ile ilikuwa adhabu. Kila Jumamosi, siku ambayo dada yake alikuwa akija kunywa chai, mume alikaa akitazama mlango mpaka chai yake ikapoa. Kitufe alimtaja wifi yake kwenye maombi kila alfajiri, kwa jina, kabla hajawataja wanawe.

Kwa hiyo alipopewa kazi ya slaidi alijua la kufanya. Katika somo la kuandika ripoti, lililofundishwa na mwalimu mwingine, alikuwa amejifunza kwamba ripoti huanza na usuli, yaani jambo lilikotoka, na nani aliyelianzisha. Neno lile lilimkaa. Alirudi nalo nyumbani akawa analitumia kwa kila kitu, hata akamuuliza mume wake usuli wa doa kwenye shati. Basi slaidi ya kwanza aliweka jina la karakana. Ya pili akaandika juu kabisa, kwa herufi kubwa, USULI, na chini yake mstari mmoja: Karakana hii ilianzishwa na wifi yangu.

Alitaka mstari ule uonekane ukutani, mbele za watu, bila mtu kumlazimisha. Kilichokuwepo tangu mwanzo hakiwezi kuitwa kiraka.

Akaenda mwenyewe kumwalika. Alimwambia wifi yake kwamba kuna kitu chake pale. Wifi akauliza ni kitu gani. Kitufe akasema ni cha kuonwa, si cha kusimuliwa. Wifi alifikiri kidogo, akasema atakuja kukiona, na asipokiona, njia ya kurudi kwake anaijua.

Slaidi ile ilihitaji picha. Za zamani hawakuwa nazo, maana enzi zile hakuna aliyepoteza filamu kumpiga picha mtu anayefanya kazi. Lakini Mkato alikuwa amewaonyesha tovuti zenye picha za kila namna ambazo mtu anaruhusiwa kuzipakua na kuziweka kwenye slaidi zake. Aliwaeleza kwamba picha ya kawaida huja na kilichoko nyuma yake. Ukiiweka juu ya slaidi ya buluu, inakaa ndani ya boksi jeupe. Zilizo nzuri hazina kitu nyuma. Kinakuja kile kitu chenyewe tu, kimekatwa pembezoni, na rangi ya slaidi inapita nyuma yake.

Darasa halikuelewa. Kitufe alielewa papo hapo, akamfafanulia dereva kwa lugha ya mkasi. Kuna anayetaka ua la kwenye kitambaa akalikata kwa kufuata petali zake, na kuna anayekata mraba mzima, ua likiwa katikati. Wote wawili wakishona ua lao kwenye gauni, la huyu wa pili litaonekana na mraba wake. Dereva akasema sasa ameona, ila yeye katika maisha yake angekuwa wa pili.

Kwenye tovuti zile, Mkato aliongeza, nyuma ya picha za namna hiyo huonekana vimiraba vya kijivu na vyeupe, kama ubao wa drafti. Ukiona drafti, alisema, jua hakuna kitu.

Kitufe aliandika neno mshonaji akabonyeza. Walikuja wanawake wengi, wote wamefurahi kupita kiasi. Mmoja alicheka na dari huku mikono iko kwenye cherehani isiyo na uzi. Mwingine alishona hewa. Wa tatu alikuwa ameshika mkasi kama mtu anayetaka kumchoma mwenzake. Kitufe aliwapita mmoja mmoja akiwasikitikia. Kisha akamwona mwanamke ameinamia cherehani ya mkono, uso umejificha nusu, shingo imepinda mbele kidogo. Ilikuwa shingo ya wifi yake. Nyuma yake palikuwa na drafti. Kitufe alishukuru, akaipakua, akaibandika kwenye slaidi ya pili.

Drafti ikaja nayo.

Aliisogeza picha kushoto na kulia, akaipunguza, akaikuza. Vimiraba vilibaki. Mwishowe akajituliza kwamba vinaonekana kwake tu kwa kuwa yeye yuko jikoni ambako slaidi zinapikwa, na ukutani vitapotea, kama chaki ya fundi ambayo mteja haioni nguo ikishapigwa pasi. Akatuma kazi yake kwa mwalimu.

Ilirudi kesho yake. Pembeni ya slaidi ya pili Mkato alikuwa ameandika maneno mawili: Toa usuli.

Siku hiyo hiyo Mkato alisafiri kwenda msibani, mahali ambapo simu haikushika. Angerudi siku yenyewe ya wageni.

Kitufe aliyasoma maneno yale mpaka yakakosa maana. Darasani Mkato hakuwahi kutamka neno usuli. Siku zote alisema nyuma ya picha. Kwa Kitufe usuli ulikuwa mmoja tu, ule ulioandikwa kwa herufi kubwa juu ya slaidi. Aliwaza pia kwamba toa ina njia mbili, kwamba mtu hutoa maelezo na mtu hutoa takataka. Lakini maelezo alikwisha kuyatoa, yalikuwa pale pale mbele ya macho ya mwalimu. Ikabaki maana ya pili.

Alimwonyesha mume wake. Mume alisema huenda mwalimu ameona mambo ya ukoo hayana nafasi kwenye kazi ya kompyuta. Kitufe akasema huo ndio moyo wa kazi yenyewe. Mume akasema mwalimu akisema toa, ni toa. Kisha akaongeza kwamba angekuwa yeye ndiye aliyesema, wangebishana mpaka kesho.

Alipiga magoti akaomba aonyeshwe njia. Hakusikia chochote. Alikaa kitandani akifikiri. Wenzake walikuwa wameleta darasani akili changa na vidole vyepesi. Yeye alichokuwa nacho cha kuleta ni utii, na tangu siku ya kwanza ulikuwa umemfikisha mbali. Mwanafunzi hamfundishi mwalimu. Akafungua slaidi ya pili, akabonyeza kitufe cha kufuta. Akaenda kwenye pipa la kompyuta akalimwaga nalo, kwa sababu walifundishwa kutoacha uchafu.

Alianza kumwandikia wifi yake ujumbe kwamba asisumbuke kuja. Akaufuta. Akaandika mwingine, akaufuta huo pia. Alijiambia atamweleza ana kwa ana, baadaye.

Jioni ya wageni viti vilijaa na wengine wakasimama kando ya madirisha. Slaidi zilimulikwa kwenye ukuta mweupe. Dereva alieleza matairi kwa hisia mpaka akapigiwa makofi katikati. Wifi alikuwa amekaa karibu na mlango, mkoba mapajani. Mdogo wake, mume wa Kitufe, alikuwa ameacha kiti kimoja kitupu katikati yao, kwa heshima au kwa hofu. Mkato aliingia akiwa bado na vumbi la safari, akaketi kando ya projekta.

Kitufe alisimama. Jina la karakana likatokea ukutani. Akabonyeza, zikaja sare za shule, akaeleza aina za vitambaa. Akabonyeza, ukaja utepe wa kupimia. Hapo Mkato akainua kichwa, akamuuliza kwa sauti ya chini slaidi ya pili iko wapi. Chumba kilikuwa kidogo, kila mtu akasikia.

"Nimeitoa, kama ulivyosema."

"Nilisema utoe usuli."

"Ndiyo, Mwalimu. Nimeutoa."

"Sasa slaidi yenyewe iko wapi?"

"Si ndiyo hiyo? Ndiyo iliyokuwa usuli. Nimeutoa wote."

Dereva ndiye aliyeanza kucheka, wakamfuata wengine. Mkato hakucheka. Alisimama akaeleza, kwa maneno mengi kuliko yote waliyowahi kuyasikia kinywani mwake, kwamba usuli aliouandika ni usuli wa picha, kile kilichokuwa nyuma ya yule mwanamke. Alisema zipo picha za uongo. Mtu huichora drafti ikawa rangi kama rangi nyingine, ili anayepakua adhani hakuna kitu nyuma, kumbe kipo. Alitaka vile vimiraba viondolewe. Mwanamke abaki, na maandishi yabaki. Alisema hakutazama kichwa cha slaidi, alitazama picha tu.

Wifi alikuwa amekwisha kusimama. Hakuwa na haraka. Alitundika mkoba begani, akautazama ule utepe wa kupimia ukutani kama mtu aliyeona alichokuja kukiona.

Mkato alimwambia Kitufe aendelee tu, kosa ni la pande mbili, hatapunguziwa alama. Kitufe aliondoa mkono kwenye kipanya.

"Siendelei," alisema. "Kuna kilichopungua pale mwanzo. Nitakisema kwa mdomo."

Hakumtazama wifi yake. Aliwatazama wageni. Aliwaambia karakana hii hakuianzisha yeye, ilianzishwa na wifi yake, yule pale mlangoni, na kibao kinachosema vinginevyo kilikosewa. Aliwaambia kwamba alipoolewa hakuweza kutofautisha pindo na mshono, na kwamba wifi yake alimkalisha kibarazani akamzungushisha mpini wa cherehani msimu mzima kabla ya kumruhusu kugusa kitambaa. Alieleza kazi yao ya kwanza, sketi za shule, walizozishona mifuko nje ndani, mwalimu mkuu akarudisha furushi zima.

"Marinda," Wifi alisema kutoka mlangoni.

Watu waligeuka.

"Zile sketi hazikuwa na mifuko. Tulikosea marinda. Yalilalia kushoto."

"Yalilalia kulia, wifi."

"Kushoto. Mimi ndiye niliyeyafumua. Wewe ulikuwa umekaa unalia."

Wageni walicheka, na safari hii kicheko kilikuwa cha namna nyingine. Mkato alitazama saa, kisha akavuta mkono wa shati akaifunika. Kitufe aliendelea, na kila alipokosea Wifi alimsahihisha akiwa amesimama vile vile: rangi ya kitambaa, aliyewashonea bure, jirani aliyewaazima meza. Kitufe alikubali masahihisho yote isipokuwa ya marinda. Alipomaliza alirudi kwenye slaidi zake, na baadaye hakuna mgeni aliyekumbuka zilihusu nini. Mkato alimpa alama ya kufaulu.

Walikutana uani, pembeni ya bomba la maji. Mume aliwaletea chai, akasema tembo wakikutana nyasi nazo zijue pa kwenda, akarudi ndani.

"Kwa hiyo uliambiwa unitoe," Wifi alisema, "ukanitoa."

Kitufe alianza kueleza vimiraba. Wifi akamkatiza kwamba alimsikia mwalimu, masikio anayo, na vimiraba havimhusu. Alimuuliza, mwalimu angeandika toa mumeo, angemtoa? Kitufe akasema hapana. Na wanawe? Akasema hapana.

"Basi mimi ndiye niliyekuwa mwepesi kutoka."

Kitufe alitafuta jibu zuri. Alipata la kweli tu.

"Nilimtii mwalimu."

"Na mimi nilikuwa nani kwako?"

Kitufe aliinamisha kichwa.

"Usianze kuomba mtu akizungumza na wewe," Wifi alisema.

"Siombi. Naona aibu."

"Hiyo sawa. Ione."

Wakanywa chai. Watu walitoka mmoja mmoja wakipita kando yao, na dereva alipopita alivua kofia, ingawa safari hii hakuna aliyekuwa akiomba. Baada ya muda Wifi aliuliza kama ile picha ipo bado. Kitufe alikuwa nayo kwenye simu. Wifi aliishika simu mbali na macho, kwa kuwa miwani aliiacha nyumbani, akaivuta karibu, akaisogeza mbali tena.

"Huyu hajawahi kushona. Tazama, mguu wa cherehani umenyanyuliwa na yeye anazungusha tu."

"Nilitazama shingo."

"Shingo imefanyaje?"

"Unainama hivyo hivyo ukihesabu mishono."

"Nikihesabu siinami," Wifi alisema. "Nainama nikikusubiri wewe uhesabu."

Alimrudishia simu. Kitufe aliuliza kama kibao kishushwe. Wifi akasema wakiache pale pale, mvua itakishusha yenyewe siku moja. Watu wamesikia leo kwa masikio yao, na katika mji huu kinachosikika huenda mbali kuliko kinachosomwa. Kisha akasema, akitazama upande mwingine, kwamba Jumamosi atakwenda kumtembelea mdogo wake. Mdogo wake, si mtu mwingine. Kitufe akiwepo, basi, nyumba ni yake pia, hawezi kumfukuza.

Kitufe aliuliza atafika saa ngapi, ili chai iwe tayari. Wifi akamuuliza tangu lini ndugu wa mume akapangiwa saa. Kitufe akasema mgeni asiyetaja saa hukuta sufuria limeoshwa na wenyewe wamelala. Wifi alimtazama, akamkabidhi kikombe kitupu akishike, akaenda ndani kumtafuta mdogo wake.